Nimeanza dawa ya tezi ya shingo, mbona bado nimechoka?

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 36 na uzito wa kilo 68. Niligundulika kuwa tezi yangu ya shingo haitoi homoni ya kutosha kwa sababu kinga ya mwili inaishambulia. Wameniambia ni Hashimoto. TSH ilikuwa 38. Nikaandikiwa levothairoksini maikrogramu 50 kila asubuhi. Wiki ya pili nilipata nafuu kubwa, nikajua nimepona. Wiki ya nne moyo ukaanza kwenda mbio usiku, nikaogopa, nikawa nakata kidonge na kumeza nusu. Sasa ni wiki ya sita. TSH imeshuka hadi 11 lakini uchovu umerudi, nywele zinatoka kwa mafungu, na uzito haujapungua. Asubuhi nameza dawa zote kwa pamoja nisije nikasahau: ya tezi, ya kuongeza damu maana hedhi yangu ni nzito, na vitamini za nywele, kisha nakunywa chai ya maziwa. Je, dawa hii imenikataa? Niiache? Nitaimeza mpaka lini? Nilikuwa natamani mtoto wa pili mwakani."

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Umejieleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo humo humo kwenye swali lako. Nianze na lile unalolisubiri: dawa haijakukataa, na tafadhali usiiache. Haijapata nafasi ya kufanya kazi yake. Kuna vitu vinaizuia njiani, na baadhi yake unaweza kuviondoa kesho asubuhi.

Tezi ya shingo imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya koromeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Homoni yake ndiyo inayouambia mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, tumbo lisukume chakula vipi, joto litunzwe vipi, nywele na ngozi zijijenge vipi. Kwako wewe kinga ya mwili, ambayo ilipaswa kupambana na vijidudu, imeiona tezi kama adui na inaiharibu taratibu. Hakaru Hashimoto, daktari Mjapani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1912 baada ya kuchunguza tezi za wanawake wanne, na jina lake likabaki. Wewe hukufanya lolote kuuleta. Nalisema hili kwa sababu wagonjwa wengi hufika kwangu wakiwa wameshaambiwa na watu wa karibu kwamba wamekuwa wavivu, na wengine wameanza kuamini. Kuwa na TSH ya 38 na bado ukaamka, ukaenda kazini, ukalea mtoto, huo si uvivu hata kidogo.

Hiyo TSH si homoni ya tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoitwa pituitari, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo. Homoni ikipungua mwilini, pituitari hupaza sauti. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya 0.4 na 4 hivi. Kwenye 38 pituitari yako ilikuwa inapiga kelele. Kwenye 11 bado inaita, ila sauti imepungua. Kwa hiyo kuna hatua umepiga, hata kama mwilini huioni.

Sasa tuje kwenye kidonge chenyewe. Levothairoksini ni thairoksini ileile ambayo tezi yako ingeitengeneza, tofauti ni kwamba hii imetengenezwa kiwandani. Maikrogramu 50 ni kiasi kidogo mno. Gramu moja ya dawa yenyewe inatoa vidonge 20,000, yaani kidonge kimoja kwa siku kwa zaidi ya miaka 54. Karibu uzito wote wa kidonge unachokishika kati ya vidole ni unga wa kukifanya kishikike tu. Dawa ikiwa ndogo hivyo, chochote kinachozuia sehemu yake isiingie kwenye damu kitaonekana kwenye majibu ya maabara, na utakisikia mwilini.

Halafu ni dawa ya polepole, na hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo. Dawa ya maumivu ukiimeza sasa hivi, baada ya saa moja unajua kama imesaidia. Thairoksini huchukua kama siku saba mwilini hadi nusu yake iishe, kwa hiyo kila kidonge unakimeza juu ya masalio ya jana, juzi na wiki iliyopita. Ukishika dozi moja bila kuibadilisha, mwisho wa wiki ya kwanza umefika nusu ya kiwango ambacho dozi hiyo itakupa. Wiki ya pili ni robo tatu, ya tatu kama asilimia 88, na mpaka kiwango kitulie kabisa zimepita wiki tano au sita. Pituitari nayo huchelewa kujirekebisha. Ndiyo maana tunasubiri wiki 6 hadi 8 za dozi ileile ndipo tupime.

Kwa hesabu hiyo, tazama kalenda yako. Ulimeza 50 kwa wiki kama tatu, ukashuka hadi 25, kisha ukapimwa. Hiyo 11 ni jibu la dozi mbili zilizochanganyika. Haiwezi kumwambia daktari wako kama 50 inakutosha au haikutoshi. Sikulaumu kwa kukata kidonge, maana moyo ukidunda mpaka masikioni usiku wa manane mtu hufanya lolote apate kulala. Lakini daktari aliyeitazama hiyo 11 bila kujua habari ya nusu kidonge anaweza kuamua vibaya kwa nia njema kabisa. Mwambie. Na umwambie tarehe uliyoanza kukata.

Nafuu ya wiki ya pili ilikuwa ya kweli, wala hukujidanganya. Tezi yako ilikuwa bado inatoa homoni kidogo kwa sababu TSH ilikuwa inaichapa mchana na usiku. Kidonge kikaja juu ya hicho kidogo, ukapata vyote viwili. TSH ilipoanza kushuka, tezi ikapungukiwa na msukumo, nayo ikalegea. Ikawa sehemu ya kidonge inaziba pengo badala ya kuongeza. Wanaoanza na dozi ndogo wengi hupanda hivyo, wakashuka, kisha wakapanda tena dozi inaporekebishwa. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi hatuwaambii mapema, wakifika kwenye bonde wanadhani dawa imewatupa.

Tena 50 kwako huenda ilikuwa dozi ya kuanzia tu. Mtu mzima ambaye tezi yake imekufa kabisa huhitaji takriban maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 68 hiyo ni kama 109 kwa siku. Wewe tezi yako pengine bado ina uhai kiasi, kwa hiyo unaweza kuhitaji pungufu ya hapo. Nakupa namba hii ili usidhani kuongezewa dozi maana yake ugonjwa umezidi. Usijiongezee mwenyewe. Ngoja kipimo.

Sasa moyo, maana najua ndio uliokutisha. Mwili uliokaa na homoni kidogo kwa muda mrefu huzoea mwendo wa taratibu. Homoni ikirudi, moyo huongeza mwendo, na mtu hulisikia pigo ambalo kwa miaka hakuwahi kulisikia. Mara nyingi hili hutulia baada ya wiki kadhaa. Lakini kwako nina mshukiwa mwingine: damu. Hedhi nzito imekumaliza madini ya chuma, na mtu mwenye upungufu wa damu moyo humwenda mbio hata bila dawa yoyote. Kwa mwanamke wa miaka 36 ambaye TSH yake bado ni 11, kuzidiwa na dozi ya maikrogramu 50 si jambo la kulifikiria kwanza.

Usiku moyo ukianza tena, kaa kwenye ukingo wa kitanda, miguu chini. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, mpaka usikie pigo. Hesabu kwa dakika nzima, si robo dakika ukazidisha kwa nne, kwa sababu unachotaka kukijua si idadi peke yake bali pia kama mapigo yanafuatana kwa mpangilio au yanarukaruka. Andika namba, saa, na kama yalikuwa sawasawa. Fanya hivyo kwa siku kadhaa, uende na karatasi hiyo kwa daktari wako wiki hii, kabla hujarudi kwenye kidonge kizima. Ataamua kama urudi moja kwa moja au kwa ngazi, na anaweza kukupima moyo kwa mashine ili muwe na uhakika.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuzirai, au mapigo yaliyo ovyo yasiyotulia hata umepumzika: nenda hospitali saa hiyohiyo. Vilevile, kama tangu uanze dawa unazidi kuwa hoi, unatapika, unapungua uzito, kichwa kinazunguka ukisimama na ngozi au fizi zinakuwa nyeusi kuliko kawaida yako, sema haraka. Kinga inayoishambulia tezi ya shingo mara chache huzishambulia pia tezi zilizo juu ya figo, na mtu wa namna hiyo thairoksini inaweza kumuangusha mpaka atibiwe upande huo kwanza. Sioni dalili hizo kwako, lakini siwezi kuandika juu ya dawa hii bila kuzitaja.

Nakuja kwenye kile kiganja chako cha dawa za asubuhi.

Nilikuwa na mgonjwa mmoja ambaye dozi yake ilipandishwa kutoka 50 hadi 100, kisha 150, kisha 175, na TSH ikakataa kushuka. Alikuwa mtu makini na aliapa kwamba hakosi hata siku moja. Nikamwomba anionyeshe, si anielezee, anavyomeza. Akafungua mkoba, akatoa chupa nne akazipanga mezani kwangu, akamimina kidonge kimoja kimoja kwenye kiganja: cha tezi, cha madini ya chuma, cha kalsiamu, na cha kiungulia. Vinne vyote vikaingia mdomoni kwa maji mafundo mawili. Hakuwahi kukosa dawa, na dawa haikuwahi kumfikia. Chuma na kalsiamu huishika thairoksini tumboni, zikashikamana, ikapita na kutoka na choo. Tulichobadilisha ni saa tu. Baada ya wiki kadhaa ilibidi tumpunguzie dozi, kwa sababu sasa ilikuwa inaingia yote.

Ndicho kinachokupata wewe. Kidonge chako cha damu, ambacho ndicho chuma chenyewe, kinakula dawa yako ya tezi kila asubuhi, na chai ya maziwa inasaidia, kwa kuwa maziwa yana kalsiamu. Fanya hivi: ukiamka tu, meza levothairoksini peke yake kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu. Ngoja dakika 30 hadi 60, ikiwezekana saa nzima, ndipo unywe chai au kahawa na kula. Kahawa nayo huizuia hata bila maziwa. Dawa ya kuongeza damu ipeleke mchana au jioni. Kati yake na ya tezi ziwepo saa nne au zaidi. Kalsiamu na dawa za kiungulia ni hivyohivyo. Mtu ambaye asubuhi zake ni za kukimbizana anaweza kumeza ya tezi usiku anapolala, mradi zimepita kama saa tatu tangu ale. Njia zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni leo hivi, kesho vile, kwa sababu dozi yako inapimwa kulingana na mazoea yako. Unapopanga saa upya namna hii, kumbuka kwamba dawa itaanza kuingia vizuri zaidi, hata kwa dozi ileile. Hiyo ni sababu nyingine ya daktari wako kujua kabla hajaiongeza.

Usiache dawa ya damu. Muombe daktari akupime akiba ya chuma mwilini, siyo wingi wa damu pekee, na vitamini B12 pia, kwa kuwa kinga inayoshambulia tezi wakati mwingine hulishambulia tumbo likashindwa kuinyonya. Nimeona wanawake wakihangaishwa na dozi ya tezi mwaka mzima kumbe uchovu uliobaki ulikuwa wa chuma.

Na vitamini za nywele. Soma nyuma ya kopo kama zina bayotini; nyingi zinayo, tena kwa wingi. Bayotini haiharibu tezi. Inaharibu kipimo. Mashine nyingi za maabara huitumia bayotini ndani ya kipimo chenyewe, na ikiwa nyingi kwenye damu, TSH husomeka chini kuliko ilivyo na homoni husomeka juu. Inawezekana hata 11 yako si 11. Ziache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na mwambie anayekupima. Siku hiyo ya kipimo toa damu kwanza ndipo umeze kidonge cha asubuhi, maana saa chache baada ya kukimeza homoni kwenye damu hupanda kwa muda.

Nywele zenyewe zinahitaji nikueleze, najua zinavyoliza. Unywele haudondoki siku unapougua. Unasimama kukua, unakaa hapo umeshikilia tu kwa miezi miwili au mitatu, kisha unaanguka unaposukumwa na mpya. Kwa hiyo hizo unazozikuta kwenye kitana leo ziliaga zamani, nyingine kabla hujameza kidonge cha kwanza. Hakuna dawa itakayozirudisha hizo. Unachopaswa kukitafuta ni vinywele vifupi vinavyochomoza kwenye mstari wa paji la uso, na hivyo mara nyingi huonekana miezi kadhaa baada ya homoni kukaa sawa, na akiba ya chuma ikiwa imejaa. Ninazitaja kwa urefu kwa sababu wanawake wengi huacha levothairoksini wakidhani ndiyo inayozing'oa.

Mengine yana mpangilio wake. Choo hulainika mapema, baridi hupungua, uvimbe wa asubuhi usoni huisha. Nguvu hufuata. Kumbukumbu na wepesi wa kufikiri huchukua miezi. Hedhi nayo kwa kawaida hupungua uzito homoni ikitulia, na hapo damu yako itaacha kuvuja kwa kasi hiyo. Kuhusu kilo, sitaki kukupa matumaini ya uongo: unene unaoletwa na tezi iliyolala mara nyingi ni wa kilo chache, na sehemu kubwa yake ni chumvi na maji ambayo mwili umeyashikilia. Hayo yataondoka. Yaliyobaki ni ya chakula na mazoezi kama kwa mtu mwingine yeyote, ila safari hii utakuwa na nguvu za kufanya hayo mazoezi. Usimruhusu mtu akuongezee thairoksini ili upungue. Ikizidi, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo na mifupa kupungua uimara, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi.

Umeuliza mpaka lini. Kwa Hashimoto iliyofikisha TSH 38, kwa wengi ni maisha yote, kwa kuwa sehemu ya tezi iliyoharibika hairudi. Najua neno "maisha" ni zito kwa mtu wa miaka 36. Lakini hii si dawa inayofanya mwili uwe mtumwa wake. Unarudishiwa kile ulichokuwa nacho tangu kuzaliwa. Kabla ya mwaka 1891 mtu mwenye hali yako alivimba, akapooza akili, akafa taratibu mbele ya ndugu zake. Mwaka huo, huko Uingereza, daktari George Murray alimdunga mwanamke mmoja maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi ya kondoo. Mwanamke huyo akaishi miaka 28 zaidi. Kila ninapoandika cheti cha levothairoksini humkumbuka. Kondoo hawahitajiki tena, na wewe unacho kwenye kidonge kisichozidi ukubwa wa punje.

Ukisahau siku moja usiingiwe na hofu. Kwa kuwa inaisha polepole, siku moja inakupunguzia karibu sehemu moja ya kumi tu ya kilichomo. Ukikumbuka siku hiyohiyo, meza, ukizingatia tumbo. Ukikumbuka kesho yake, kwa mtu wa umri wako asiye na ugonjwa wa moyo, madaktari wengi huruhusu vidonge viwili. Muulize wako akupe ruhusa hiyo mapema. Vidonge vibaki kwenye pakiti yake, mbali na joto, mwanga na unyevu. Bafuni na dirishani si mahali pake. Mfamasia akikupa ya kiwanda kingine, usikatae, ila weka tarehe na upime tena baada ya wiki sita hadi nane.

Utaambiwa mengi mengine. Kwamba ushushe antibodi, yaani askari wa kinga wanaoilenga tezi, kwa vyakula fulani: antibodi zilitusaidia kujua ugonjwa ni upi, lakini hatukutibu kwa kuzifuata, wala huhitaji kuzipima kila mara. Kwamba umeze madini ya joto au mwani wa baharini kwa sababu ni tezi: usifanye hivyo, maana madini ya joto yakizidi yanaweza kuilemea zaidi tezi yenye Hashimoto. Kwamba uache ngano: kama kuna dalili za ugonjwa wa siliaki, yaani kinga kuushambulia utumbo ukila ngano, ambao kweli huandamana na huu mara nyingi kuliko kwa watu wengine, upimwe kabla ya kuiacha. Kama hauna, kula.

Mtoto wa pili. Unaweza kumpata, na nimefurahi umeuliza kabla na si baada. Katika miezi ya mwanzo ya mimba tezi ya mtoto haijaanza kujitegemea. Anatumia homoni yako, tena anaihitaji kwa ajili ya ubongo wake. Kwa hiyo subiri kidogo. Tunataka TSH ishuke chini ya 2.5 na ikae hapo kabla hujaacha uzazi wa mpango. Ukishika mimba, wanawake wengi huhitaji nyongeza ya robo hadi nusu ya dozi, na nyongeza hiyo huanza wiki za mwanzo kabisa, wakati wengine hawajajua hata kama ni wajawazito. Kabla hamjaanza kumtafuta, muombe daktari wako akuandikie cha kufanya siku hedhi itakapochelewa. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki, yaani tisa badala ya saba, halafu kwenda kupima ndani ya siku chache. Vidonge vya wajawazito vimejaa chuma na kalsiamu, kwa hiyo kile kiganja cha asubuhi kisirudi. Levothairoksini haimdhuru mtoto tumboni wala kwenye maziwa. Kuiacha ndiko kunakoweza kumdhuru.

Leo jioni hamishia chupa ya dawa ya damu mahali utakapoikuta wakati wa chakula cha jioni, mbali na kitanda. Kando ya kitanda bakiza pakiti ya tezi na glasi ya maji yenye mfuniko. Panga miadi ya wiki hii, uende na karatasi ya mapigo, kopo la vitamini za nywele, na tarehe uliyoanza kukata kidonge. Mkishakubaliana dozi, hesabu wiki saba tangu siku hiyo, izungushie tarehe kwenye kalenda, utoe damu siku hiyo bila bayotini na kabla ya kidonge. Kisha niandikie hiyo namba.